Mwenye daftari ndiye mwenye mti: historia ya jeni za miti, na sehemu ya Kongo ndani yake



Kuna mkutano mmoja wa dunia ambao siye watu wa misitu na kilimo tungepaswa kuufuata kwa karibu, lakini hapa kwetu hauzungumziwi. Ni mkutano wa wale wanaosoma miti mpaka ndani ya ADN yake. Unaitishwa chini ya IUFRO, umoja wa kimataifa wa mashirika ya utafiti wa misitu, ulioanzishwa Eberswalde, Ujerumani, mwaka wa 1892. Wataalamu wa bioteknolojia ya miti walikutana Oxford mwaka wa 1999, Umeå kule Sweden mwaka wa 2003, Pretoria 2005, jimbo la Bahia huko Brazil 2011, Asheville kule Marekani 2013, Florence 2015, Concepción kule Chile 2017. Katika miaka hiyo niliyoitaja Afrika iko mara moja tu. Bonde la Kongo, lenye msitu wa pili kwa ukubwa katika nchi zote za joto, haliko.

Wengi wakiona orodha kama hiyo wanasema: "Hiyo ni sayansi ya wenye pesa. Siye tuko na miti, wao wako na mashini." Nimesikia neno hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa agronomia, na limenichosha. Leo nataka kulijibu kwa historia, kwa sababu historia inasema kitu kingine. Mizizi miwili mikubwa ya elimu hiyo iko ndani ya udongo wa Kongo: mmoja Yangambi, kwetu Tshopo, na mwingine Pointe-Noire, kwa jirani zetu wa Brazzaville. Miti ilikuwapo, mikono ilikuwapo, na akili pia. Kilichokatika katikati ya njia ni kitu kidogo ambacho watu wanakidharau, nacho ni daftari.

1. Juu ya nini mti ulichelewa

Mendel aligundua sheria za urithi kwa kupanda njegere. Unapanda, unavuna, unahesabu, na mwaka ujao unaanza tena. Mti haukubali haraka hiyo. Miti mingi ya mbao inangoja miaka kumi, ishirini ao zaidi kabla ya kutoa maua. Ukichanganya mti baba na mti mama leo, wajukuu wa mchanganyiko huo watahesabiwa na mtu mwingine, pengine wewe ukiwa umekwisha kustaafu ao kuzikwa. Njo maana elimu ya urithi wa miti haiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja mwenye akili nyingi. Ni kazi ya nyumba, ya kituo, ya watu wanaopokezana. Na kituo hakina kichwa cha kukumbuka. Kinakumbuka kwa maandishi tu.

Halafu kuna ukubwa wa ADN yenyewe. Jenomu ya mwanadamu, yaani maandishi yote ya urithi yaliyo ndani ya seli yake, ina herufi karibu bilioni 3. Ile ya spruce ya Norway, mti wa mbao wa Ulaya ya kaskazini, ilichapishwa mwaka wa 2013 na ina karibu bilioni 20. Sehemu kubwa ni vipande vinavyojirudia-rudia, na kuvipanga ni kama kuunganisha kitabu kilichochanwa ambacho kurasa zake nyingi zinafanana.

Kwa sababu hiyo watafiti walianza na mti wenye jenomu fupi, popla, ambayo haifiki hata herufi milioni 500. Walichagua mti mmoja wa kike wa jimbo la Washington, Marekani, ulioitwa Nisqually-1 kufuatana na mto wa huko. Matokeo yalitoka katika gazeti la Science mwezi wa 9, mwaka wa 2006: mti wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake yote, wenye jeni zaidi ya 45,000. Tangu siku hiyo mikutano ya miti ilibadilika. Zamani watu waliuliza kama inawezekana kuisoma jenomu ya mti. Sasa waliuliza: tumekwisha kusoma, lakini maandishi haya yanasema nini?

Swali hilo ndilo linaturudisha Kongo. Maana herufi za ADN peke yake hazisemi kitu. Ili ujue jeni fulani inafanya kazi gani, unahitaji mti ambao wazazi wake wanajulikana, ambao ulipimwa, ambao matunda yake yalihesabiwa mwaka kwa mwaka. Mashini inasoma herufi, na daftari la shamba linatoa maana.

2. Yangambi na ganda la ngazi

Mwaka wa 1933 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo wa Kongo. Kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi, kando ya mto, kama kilomita mia moja hivi kutoka Kisangani. Tusijidanganye juu ya makusudi yake. INEAC ilitumikia kampuni za mashamba makubwa na faida ya koloni. Lakini kazi iliyofanyika pale ilikuwa kazi ya kweli, na mojawapo ya kazi zake za maana ilikuwa juu ya mti ambao kila nyumba kwetu inaujua, mchikichi, mama wa mawese.

Ukipasua ngazi utaona tofauti. Kuna zile zenye kokwa ya ganda nene na nyama kidogo. Wataalamu wanaziita dura. Kuna zenye ganda jembamba na nyama nyingi, tenera. Na kuna zisizo na ganda kabisa, pisifera, lakini mti wake kwa kawaida hauzai vizuri, mikungu inaharibika kabla ya kukomaa. Wenye mashamba walipenda tenera kwa sababu ina mafuta mengi zaidi. Walichukua mbegu za tenera nzuri, wakapanda, wakangoja miaka, kisha wakakuta sehemu ya miti imerudi kwenye ganda nene. Hawakuelewa juu ya nini.

Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wawili wa Yangambi, walitoa jibu katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1941. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukichanganya tenera na tenera, watoto wanagawanyika: robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Ukichanganya dura na pisifera, watoto wote ni tenera. Maana yake, ganda linatawaliwa na jeni moja tu, kwa hesabu ileile ya njegere za Mendel. Kutokana na jibu hilo, mbegu bora za michikichi zinazouzwa duniani, za Malaysia, za Indonesia, za Afrika ya magharibi, zinatengenezwa kwa kumuoza dura na pisifera. Mamilioni ya hektari zimepandwa kwa kanuni iliyothibitishwa Tshopo.

Fikirini namna hesabu hiyo ilivyopatikana. Mtu anapanda mchikichi kabla ua halijafunguka, analifunga ndani ya mfuko ili wadudu wasilete chavua ya mti mwingine. Siku ikifika, analeta chavua ya baba aliyechaguliwa, yaani ule unga wa maua ya kiume, anainyunyiza, anafunga tena, anatundika kibandiko. Miezi inapita mpaka mkungu uive. Mbegu zinaoteshwa, miche inapandwa kila mmoja na namba yake, miaka mitatu minne inapita mpaka ngazi za kwanza. Kiisha wanakaa chini, wanapasua kokwa moja moja, wanahesabu, wanaandika. Kibandiko kimoja kikipotea, ao namba moja ikiandikwa vibaya, hesabu ya robo na nusu inavunjika.

Kazi hiyo ya kupanda, kufunga, kupasua na kuhesabu ilifanywa na wafanyakazi Wakongomani. Kwenye jalada la kitabu yako majina mawili ya Wabelgiji. Sisemi hivyo ili kuwanyima heshima waliofikiri na kuandika. Nasema hivyo kwa sababu hatuwezi kuandika historia ya sayansi yetu kama hatujui kwamba watu wetu walikuwa ndani yake, hata kama hakuna aliyeandika majina yao.

Miaka 72 baadaye, mwaka wa 2013, gazeti la Nature lilichapisha jenomu ya mchikichi pamoja na jeni yenyewe ya ganda. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watafiti wa bodi ya mafuta ya mawese ya Malaysia pamoja na kampuni moja ya Marekani. Waliweza kuipata jeni hiyo kwa sababu walikuwa na familia za michikichi zenye ukoo ulioandikwa, vizazi kwa vizazi. Walikuta kwamba jeni hiyo imeharibika kwa namna mbili tofauti. Namna moja inabeba jina AVROS.

Jina hilo linatoka wapi? AVROS ilikuwa chama cha wenye mashamba ya mpira wa pwani ya mashariki ya Sumatra, wakati wa Waholanzi. Lakini ukoo wa michikichi inayoitwa hivyo haukuanzia Sumatra. Ulianzia bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, iliyoitwa Coquilhatville wakati ule. Mbegu za mchikichi mmoja wa Eala, ulioitwa Djongo, zilisafiri mpaka Sumatra mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kule zikapandwa, zikapewa namba, zikaandikwa, watoto wao wakaandikwa, na wajukuu pia. Leo jeni kutoka Équateur inatambulikana duniani kwa jina la chama cha Sumatra. Hakuna aliyeiba jina. Jina lilikwenda kwa yule aliyeshika daftari.

3. Pointe-Noire na vijiti vya ekaliptusi

Mzizi wa pili uko upande wa Bahari ya Atlantiki. Karibu na Pointe-Noire kuna savana za mchanga, udongo maskini, mahali ambapo mti haukui kwa urahisi. Tangu miaka ya 1950 watafiti wa kituo cha Kifaransa cha misitu ya tropiki walijaribu pale aina nyingi za ekaliptusi kutoka Australia na visiwa vya jirani. Katika mashamba hayo ya majaribio aina mbalimbali ziliolewana zenyewe, zikazaa machotara, na baadhi yao walikua kwa nguvu kushinda wazazi wao.

Tatizo ni lile la tenera: ukipanda mbegu ya chotara, watoto wanatawanyika, mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine amepinda. Ili kuhifadhi chotara mzuri inabidi umnakili mzima mzima. Kwa muhogo siye tunafanya hivyo kila msimu: unakata kijiti, unachoma ndani ya udongo, unapata muhogo uleule. Lakini kijiti cha ekaliptusi iliyokomaa kinakataa kutoa mizizi. Siri iliyopatikana ni kuukata mti karibu na ardhi. Kisiki kinatoa machipukizi mapya, laini, kama vile mti umerudi utoto, na machipukizi hayo yakiwekwa ndani ya kibanda chenye unyevu yanakubali kutoa mizizi.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 njia hiyo ilifaulu Pointe-Noire. Mwaka wa 1978 iliundwa UAIC, shirika la kupanda misitu ya viwanda la Kongo-Brazzaville, na mashamba ya kloni yakaenea, mwishowe yakafika karibu hektari 40,000. Ilikuwa mojawapo ya mara za kwanza duniani ekaliptusi kupandwa kwa kloni kwa kiwango cha kiwanda. Wakati huohuo kampuni ya Aracruz kule Brazil ilikuwa inafanya kazi ya namna hiyohiyo. Mwaka wa 1984 watafiti wa Aracruz walipewa tuzo ya Marcus Wallenberg, tuzo kubwa ya sayansi ya misitu kule Sweden, kwa kazi ya kloni za ekaliptusi. Tangu hapo vitabu vingi vinasimulia habari ya kloni kama habari ya Brazil, na Pointe-Noire inapata mstari mmoja ao miwili.

Brazil iliendelea bila kukatika. Kule Pointe-Noire vita vya 1997 vilitikisa nchi nzima, mashamba yalibadilisha wenye kuyasimamia, na sehemu ya miti ile inaishia kuwa makala ya kupikia mjini. Makala si haya, kila mji unahitaji moto. Lakini mti uliochaguliwa kwa miaka ishirini, ukikatwa bila mtu kuandika ulikuwa kloni ya namba gani, unapotea mara mbili.

4. Mikutano yenye joto

Msifikiri kwamba mikutano hii ni ya watu watulivu wanaoonyeshana picha. Kuna ugomvi wa kweli ndani yake, na una haki ya kuwapo.

Mwezi wa 7 mwaka wa 1999, wakati wa mkutano wa Oxford, wapinzani waliingia usiku katika shamba la majaribio la Jealott's Hill, kule Uingereza, wakaharibu popla zaidi ya mia moja zilizobadilishwa jeni. Miti hiyo ilikuwa imebadilishwa ili lignini yake, ile gundi inayofanya mbao kuwa ngumu, iwe rahisi kutolewa wakati wa kutengeneza karatasi. Tarehe 21 mwezi wa 5, mwaka wa 2001, kundi lingine lilichoma moto jengo la bustani la universite ya Washington, kule Seattle, likimlenga mtafiti wa popla. Kumbe popla zake zilikuwa za kuchanganywa kwa njia ya kawaida, kama zile ngazi za Yangambi. Ofisi na mimea ya watu wengine pia viliungua.

Nchi nazo hazikukubaliana. China iliruhusu popla yenye jeni ya kuua wadudu kupandwa kwa biashara mwaka wa 2002. Brazil iliruhusu ekaliptusi yenye jeni iliyoongezwa ili ikue haraka mwaka wa 2015. FSC, lile shirika linalotoa cheti kwa mbao, halikubali miti ya namna hiyo katika misitu inayobeba cheti chake. Wanaohofu wanasema: mti unaishi miaka mingi, chavua yake inasafiri mbali na upepo, kosa la leo halirudishwi nyuma. Wanaotetea wanasema: mti unaokua haraka shambani unaacha msitu wa asili upumue. Mimi kama mtu wa msitu naona hofu ya chavua iko na uzito, hasa mahali ambapo jamaa wa porini wa mti huo wako karibu. Mchikichi kwetu uko nyumbani. Swali likifika hapa, litakuwa juu yetu wenyewe, na tutalijibu vizuri tu kama tunajua miti yetu inaolewana namna gani na kwa umbali gani.

5. Somo la Pretoria

Mwaka wa 2005 mkutano ulikuja Pretoria. Haukuja kwa bahati. Universite ya Pretoria ilikuwa imefunga ndoa ya muda mrefu na kampuni za misitu za nchi hiyo, zenye majaribio ya ekaliptusi na misonobari yaliyopimwa miaka mingi. Mwaka wa 2014, jenomu ya ekaliptusi ilipochapishwa katika Nature, aliyeongoza kundi hilo kubwa la kimataifa alikuwa Zander Myburg, profesa wa Pretoria. Jenomu hiyo ina herufi karibu milioni 640 na jeni 36,376.

Sasa tazameni vizuri. Ekaliptusi hiyo asili yake ni Australia. Mti uliosomwa, ulioitwa BRASUZ1, ulitoka Brazil. Kiongozi alitoka Afrika ya Kusini. Kama kuwa nyumbani kwa mti kungetosha, Australia ingeongoza peke yake. Uongozi ulikwenda kwa wale waliokuwa na majaribio yenye namba, watu waliofundishwa kuyasoma, na vizazi vya vipimo vilivyohifadhiwa. Jambo hili linatuonya, na linatupa moyo pia. Linatuonya kwa sababu msitu mkubwa peke yake hautupi kiti. Linatupa moyo kwa sababu mashini ya kusoma ADN inanunuliwa ao inakodishwa, na bei yake imeshuka sana, lakini miaka thelathini ya vipimo vya afrormosia hakuna mtu anayeweza kuinunua.

6. Tuko na nini leo

Tuko na zaidi ya vile tunavyofikiri. Tangu mwaka wa 1937 mpaka miaka ya 1950, pale Yangambi kulikuwa na watu waliozunguka msituni kila wiki kutazama miti ileile, maelfu ya miti ya aina mia kadhaa: huu umetoa maua, huu matunda, huu umepukutisha majani. Madaftari yao yalikaa miaka mingi bila kuguswa. Katika miaka hii ya karibuni yalipigwa picha, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakasaidia kuyanakili kwa kompyuta. Leo wanasayansi wa hali ya hewa wanayatumia ili kujua msitu wetu uliishi namna gani kabla joto halijaongezeka. Mkongomani aliyetembea njia hiyo mwaka wa 1940 akiwa na kalamu ya risasi amekuwa shahidi wa dunia nzima.

Yangambi bado iko na hazina yake ya mimea iliyokaushwa, imepata laboratwari ya biolojia ya mbao, na mnara wa kupima hewa ya kaboni juu ya msitu umesimama. Kazi inarudi, pole pole.

Lakini niliona pia kitu kingine. Katika kituo kimoja cha zamani, ambacho sitakitaja, nilitembelea shamba la majaribio la miti ya mbao. Miti imesimama, mikubwa, yenye afya, imepandwa kwa mistari iliyonyooka. Vibao vya chuma vyenye namba vimemezwa na magome. Niliuliza daftari la kupandia. Mzee mlinzi akaniambia kwamba lilikuwa ofisini, ofisi ikaporwa wakati wa vita, karatasi zikaenda kufungia karanga sokoni. Kwa hiyo hakuna anayejua mbegu zilitoka wapi ao mti upi ni ndugu wa upi. Ni mbao tu sasa. Mtu anaweza kuchukua jani, akasoma ADN yake yote kwa wiki chache, na asiweze kujibu swali lililowafanya watu wapande shamba lile.

Jambo hili lina faida ya mfukoni kabisa. Afrormosia, ule mti wa thamani wa Tshopo, uko chini ya ulinzi wa CITES tangu mwaka wa 1992. Ubao wake ukifika bandarini, karatasi inasema umetoka eneo lenye ruhusa. Karatasi inaweza kudanganya. ADN ya ubao inaweza kusema umetoka upande gani, lakini kwa sharti moja: kuwe na ramani ya majani na mbao zilizokusanywa mahali panapojulikana, ili ulinganishe. Ramani hiyo haitengenezwi Ulaya. Inatengenezwa na mtu anayeingia msituni na GPS, kisu na daftari.

Tena kuna haki ya faida. Mapatano ya Nagoya ya mwaka wa 2010 yanasema anayechukua mmea ao mbegu ya nchi fulani agawane faida na nchi hiyo. Lakini siku hizi hakuna haja ya kubeba mbegu: herufi za ADN ziko kwenye intaneti, mtu anazichukua akiwa nyumbani kwake. Njo maana katika mkutano wa dunia wa viumbe hai wa Cali, Colombia, mwaka wa 2024, nchi zilikubaliana kuunda mfuko ambamo kampuni zinazotumia herufi hizo zitaombwa kutoa sehemu ya faida yao. Mfuko huo ni wa hiari, na hiari ya wenye pesa tunaijua. Hata hivyo, siku hesabu zitakapofanywa, watauliza: herufi hizi zilitoka kwa mti gani, wa wapi, na nani aliulinda? Anayeweza kujibu kwa maandishi atasikilizwa.

7. Neno langu kwenu

Wengi kati yetu tuko na TFC na madaftari ya stage ndani ya masanduku: vipimo vya miche, hesabu ya miti kwenye hektari moja ya Ituri, ya Mai-Ndombe, ya Kahuzi. Tunayaona kama karatasi za kupatia diploma, zimekwisha kazi. Kwa mti, miaka kumi na tano ni muda mfupi. Hektari uliyoipima mwaka wa 2008 ikipimwa tena leo, inakuwa historia ya ukuaji ambayo hakuna laboratwari inayoweza kuitengeneza.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu. Kwanza, piga picha kurasa zako zote za shamba, hata zile chafu, na weka nakala mahali pawili tofauti. Pili, andika mahali penyewe kabisa: kijiji, mto, hatua kutoka barabara, na namba za GPS kama zipo. Tatu, andika majina ya waliokusaidia: yule mzee aliyejua kutambua mti kwa harufu ya gome lake, yule kijana aliyepanda kukata tawi. Waliopasua ngazi Yangambi hawakuandikwa, na hilo hatuwezi tena kulirudisha. Hawa wa kwetu bado wako hai, na kalamu iko mikononi mwetu.